Shangazi wa Gesi

Kabla hajawa katuni, Shangazi alikuwa mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu nikimtaja siku hizi, watu hudhani nazungumzia yule mwanamke wa kuchorwa mwenye kilemba chekundu aliyebandikwa kwenye mitungi ya gesi, na wengine huniuliza kwa hamu kama ni kweli mimi ndiye niliyembuni. Ni kweli. Nililipwa kwa kumbuni, nikapigiwa makofi kwenye ukumbi wa hoteli, nikapewa kikombe cha kioo chenye jina langu. Lakini ile sauti sikuibuni mimi. Ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anakaa hatua ishirini kutoka mezani kwangu.

Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha simu cha kampuni inayouza gesi ya kupikia. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya ghala, na mchana kutwa sakafu ilitetemeka kwa vishindo vya mitungi ikishushwa kwenye malori. Wapokea simu walikuwa kumi na saba. Yeye alikaa dirishani, kwenye kiti alichokishonea mto kwa mabaki ya kitambaa cha pazia, na kinasa sauti chake alikifunika kwa kipande cha leso kwa sababu, alisema, hakuwa tayari kula mate ya zamu ya jana. Sisi wa kitengo cha masoko tulitenganishwa nao kwa ukuta wa kioo. Tuliwaona wakipanua midomo kama samaki kwenye tangi, tukawa tunacheka. Ujinga ni mzigo, na sisi tulikuwa tumebeba gunia zima.

Jina la Shangazi alipewa na wateja wenyewe. Alikuwa na namna ya kumgombeza mtu huku anamsaidia, na mtu akaaga akiwa na furaha kama aliyesifiwa. Kuna bwana mmoja alipiga simu akieleza kwamba huulaza mtungi wake chini ya kitanda asije akaibiwa. Shangazi alimwambia mtungi hulala wima, na kama ni lazima kuna kitu kilale chini ya kitanda, basi alale yeye, mtungi upande juu kwa mkewe. Bwana yule alicheka mpaka akakohoa, kisha akainuka na kwenda kuusimamisha mtungi, simu ikiwa bado sikioni.

Kulikuwa na jambo moja katika kazi yake ambalo wenzake vijana hawakuliweza. Akishika simu aliamkia, akaulizia nyumbani, akajibiwa kwamba hawajambo, wazima wote. Kisha alinyamaza. Alihesabu kwa vidole mezani, moja mpaka tano, halafu akasema, "Enhe?" Basi. Hapo ndipo mpira wa gesi uliopasuka ulipotajwa, na jiko linalotoa moshi, na mume aliyefungua mtungi kwa nyundo. Watu wetu ndivyo walivyo. Mtu nyumba inamuungulia, ukimuuliza habari atakwambia nzuri, namshukuru Mungu, halafu ndipo aseme ila. Hata anayeleta habari ya msiba huanza na salama. Hayo hakuna asiyeyajua. Mimi niliyanyonya katika ziwa la mama yangu, na hayo ndiyo niliyoyasahau.

Bosi wa masoko alirudi kutoka kwenye mkutano mmoja akiwa amepata wokovu. Alituita, akatuambia zama za kupokea simu kwa mikono zimepita, kwamba kampuni kubwa duniani zinajibiwa simu na mashine zenye akili, na kwamba mteja wa leo hataki huduma tu, anataka uhusiano. Akasema kampuni yetu haina uso. Nikanyoosha mkono. Nilisema uso hatuna, lakini sauti tunayo, inakaa pale dirishani. Mwili ulinisisimka nikisema hivyo. Mwandishi wa matangazo anaweza kukaa mwaka mzima asipate wazo kama lile, na mimi lilinijia kabla chai haijapoa.

Tulimrekodi wiki tatu, katika chumba kidogo kilichozibwa kuta kwa magodoro. Alisoma sentensi elfu nne. Alisoma majina ya mitaa, namba, siku za juma, pole na hongera. Binti wa kompyuta, msichana mpole aliyekuwa anajenga ile mashine, alitaka kuzisafisha pumzi zilizosikika kati ya maneno, mimi nikamkatalia. Nilimwambia aziache, hasa ile pumzi ndogo anayoivuta kabla ya kusema "mpendwa," maana hiyo ndiyo itakayowafanya watu waamini. Shangazi alicheka aliposikia. Aliniita Fundi Maneno, akaniuliza kama nitamwachia walau pumzi za kwenda nazo nyumbani.

Siku ya mwisho ya kurekodi alivua vipokea sauti vya masikioni, akasema ana neno.

"Hiyo mashine yenu muifundishe kungoja," alisema. "Mtu ukimwamkia atakujibu mzima. Hiyo ni heshima yake, bado si jibu. Mngoje, atasema."

Niliandika. Daftari ninalo mpaka leo, na maneno yapo, yamepigiwa mstari mara mbili. Binti wa kompyuta akaiwekea mashine kimya cha sekunde tano baada ya salamu. Tulipoijaribu ofisini ilifanya kazi bila kosa. Tulijipigia simu mezani kwetu, tukaiambia gesi inavuja, mpira umekatika, mtungi umeisha, na yote iliyashika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejibu salamu. Tulikuwa na haraka, na nani anaiamkia mashine?

Mambo yalilipuka kuliko tulivyotarajia. Shangazi wa katuni aliwekwa kwenye mabango barabarani, kwenye magari ya kusambaza mitungi, kwenye simu za watu. Aliwapigia wateja kuwakumbusha kwamba gesi inakaribia kuisha. Aliwatakia heri siku zao za kuzaliwa, kwa majina yao, kwa ile pumzi yake kabla ya "mpendwa." Watu walimjibu. Walimtumia picha za watoto wao. Wengine walipiga simu bila shida yoyote, wanataka tu kumsikia, wamwambie hawajambo, wacheke, wakate. Simu za namna hiyo zikawa maelfu kwa siku, na kila moja iliishikilia mashine bure, na wenye shida wakawa wanangoja kwenye foleni. Bosi akaja juu. Akataka dawa kabla ya Ijumaa.

Dawa nilitoa mimi. Nilisema anayejibu kwamba ni mzima na hataji tatizo, huyo ni mpiga soga, aagwe kwa heshima. Na ile subira ya sekunde tano tuiondoe, inawapa nafasi ya kupiga porojo. Binti wa kompyuta aliniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia mimi ndiye ninayewajua wateja. Tangu siku hiyo mashine ikisikia "hatujambo," au "wazima," au "salama," ilisema, "Nimefurahi kusikia hivyo. Basi baki salama, mpendwa," ikakata, na kwenye orodha yetu simu hiyo ikaandikwa: mteja ameridhika. Idadi ya walioridhika ikapanda mpaka bosi akaiweka kwenye fremu.

Shangazi mwenyewe kufikia hapo hakuwepo. Miezi miwili baada ya kurekodiwa, wapokea simu kumi na nne waliitwa ukumbini pamoja. Waliumwa huku wakipulizwa, kama afanyavyo panya: walishukuriwa kwa mchango wao, wakaambiwa kampuni ni familia, wakapewa barua. Nilimwona kupitia kile kioo akiufungua mto wake kutoka kwenye kiti, kamba moja baada ya nyingine, hakuwa na haraka. Aliponipita aliniomba niwaambie wakubwa kwamba anaweza kubaki hata kwa kufundisha ile mashine mambo mapya. Nilimwambia nitaongea nao. Sikuongea nao. Niliona aibu, halafu nikawa na kazi nyingi, halafu muda ukapita.

Alipata kazi ya kupiga pasi kwenye duka la kufulia nguo. Alisimama kutwa nzima nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi, miguu ikavimba, mvuke ukampiga usoni. Nilijua kwa sababu mashati yangu nilikuwa napeleka hapo, na siku niliyomkuta nilitamani nigeuke nitoke na mashati yangu machafu. Yeye ndiye aliyenisalimia. Alinisimulia, akicheka, kwamba wateja wakimsikia akiongea humwambia anafanana na Shangazi wa gesi, humwomba aigize kidogo. Akaigiza kwa ajili ya mama mmoja. Yule mama akamwambia amejitahidi, ila yule wa kweli ana sauti tamu zaidi. Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Lakini siku hiyo hiyo aliniambia jambo ambalo halikumchekesha. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki, hakujua kwamba ameachishwa kazi. Mama mdogo alikuwa anaishi peke yake upande wa pili wa mji, chumba na jiko, na sifa yake kubwa mtaani ilikuwa kwamba mwanawe ndiye anayeongea na nchi nzima. Sasa bango lilisimikwa mbele ya dirisha lake, na kila jirani aliyetumiwa heri ya kuzaliwa alikuja kumwonyesha. Shangazi alisema kila akienda kumweleza, anakuta kuna wageni wameketi wanasubiri kumpa mkono. Basi akaendelea kusema uongo. Jumapili kwa Jumapili alimsimulia mambo ya ofisini, bosi kasema hivi, wenzangu wamefanya vile. Hata simu aliacha kama zamani: mchana asimpigie kwenye simu yake ya mkononi, maana kazini haziruhusiwi, ampigie kwenye namba ya kampuni. Alidhani mama mdogo hatakuwa na sababu ya kupiga. Alikuwa akiingoja siku nzuri ya kumwambia. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa tangu utoto, ila hakuna anayetuambia kwamba ukishaingia haina mahali pa kugeuzia.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa nane tangu aachishwe. Mama mdogo aliamka akasikia harufu ya gesi jikoni. Namba ilikuwa kwenye mtungi, chini ya uso wa katuni. Akapiga. Sauti ya mwanawe ikamsalimu, ikaulizia nyumbani, yeye akajibu hatujambo mwanangu, ikamwambia abaki salama, simu ikakatika. Akadhani mtandao. Akapiga tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu akajaribu kuharakisha, lakini mazoea yana mwendo wake, akaanza na salama kama alivyofunzwa, na ile "ila" ilipotoka, aliyeulizwa hali alikuwa keshaagwa. Yeye akakaa, akafikiri. Akajiambia kwamba mwanawe ana miaka kumi na tisa katika kazi hii, na kama kungekuwa na hatari asingemwambia abaki salama. Akafungua dirisha, akangoja harufu ipungue, akawasha jiko ateleke maji ya chai.

Ofisini tulipata habari ya mlipuko kabla ya saa sita. Mkaguzi wa moto alitaka kujua kama mteja aliwahi kutoa taarifa, na binti wa kompyuta akazikuta zile simu tatu kwenye orodha, zimefuatana: mteja ameridhika, mteja ameridhika, mteja ameridhika. Alikuja mezani kwangu akiwa hana rangi. Mwanasheria wa kampuni alipita kila meza akituambia tusizungumze na mtu yeyote, tusiandike chochote, tusitoe nakala ya kitu. Bosi alijifungia. Mimi nilikuwa sijajua yule mteja ni nani. Niliona jina la mtaa na namba tu. Nilisikitika vile mtu anavyosikitika kwa habari za redio.

Siku ya pili yake mlinzi wa getini alinipigia, akasema kuna mwanamke ananitaka. Nikashuka. Shangazi alikuwa amesimama karibu na kibanda, amevaa aproni ya kazini bado, na mlinzi, ambaye alimjua miaka yote hiyo, alikuwa hajamruhusu kuingia.

"Mama yangu mdogo ameungua," alisema. "Anawaambia manesi alinipigia mara tatu. Anasema nilimwambia abaki salama."

Nilishika ukuta wa kibanda. Nilianza kueleza mambo ya sekunde tano na foleni na wapiga soga, naye akanisikiliza mpaka nikajichosha mwenyewe. Hakunitukana. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alisema daktari kamwambia ni siku chache, tatu au nne, na kabla hazijaisha anataka kitu kimoja. Anataka mama yake mdogo ajue kwamba aliyemuaga si yeye. Basi. Asife akiwa na yakini kwamba mtoto aliyemlea alimsikia akiomba msaada, akamkatia simu. Ameshajaribu kumweleza, lakini hakueleweka. Akaniuliza kama simu zile zimehifadhiwa.

Nilimwambia nitazileta. Na safari hii nilifanya. Niliziiba mchana kweupe, nikaziweka kwenye simu yangu, nikatoka na kikombe cha kahawa mkononi kama mtu anayekwenda kunyoosha miguu. Nakiri kwamba njiani nilijiona shujaa. Mwanasheria alikuwa amekataza, mimi nimevunja, kazi inaweza kuota mbawa, na haki itapatikana. Nilikuwa nimeshazisikiliza mara kumi. Ile ya tatu ndiyo niliyoitegemea, kwa sababu mwanamke anasema kuna jambo jikoni, na sauti inamkatiza katikati na kumwambia imefurahi. Binadamu gani angejibu hivyo? Mtu yeyote mwenye masikio angejua hapo hakuna mtu.

Wodi ya walioungua ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, ina joto, na ilinuka dawa na kitu kingine nisichotaka kukitaja. Mama mdogo alikuwa amefungwa bandeji machoni, mikono yote miwili mpaka mabegani, na kifua. Kilichobaki wazi ni mdomo na sikio moja. Nesi alituambia akili yake iko sawa kabisa, tusimchoshe. Shangazi aliinama karibu na lile sikio. Hapakuwa na mahali pa kumgusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo kazini wamekupa ruhusa?"

Shangazi alifumba macho. Kisha akasema yote, kwa mara ya pili, polepole, neno moja moja kama anavyomweleza mteja jinsi ya kufunga mpira. Kwamba kazi hana kwa miezi minane sasa. Kwamba anapiga pasi. Kwamba anayeongea kwenye simu ni mashine iliyowekewa sauti yake, na yeye siku ile alikuwa dukani, hakusikia chochote.

Mama mdogo alilowesha midomo kwa ulimi.

"Jumapili uliniambia bosi amekuongezea likizo," alisema.

"Nilikudanganya, mama."

"Ulinidanganya Jumapili, au unanidanganya leo?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kusaidiwa. Shangazi alinigeukia, na mimi nikasogea. Nilijitambulisha, nikasema natoka kwenye kampuni, mimi ndiye niliyeandika maneno ya ile mashine, na nimekuja na ushahidi. Nikaiweka simu yangu juu ya mto na kubonyeza.

Nilikuwa nimeisikia mara kumi, lakini nilikuwa nimeisikia kwa macho wazi, nikiitazama orodha, nikijua. Pale wodini, yule mama hakuwa na macho. Hakuwa na kitu kingine isipokuwa sauti. Na sauti iliyotoka kwenye simu yangu, ikimuulizia nyumbani, ilikuwa ile ile iliyotoka kumwamkia dakika mbili kabla, upande ule ule wa kitanda. Nilijaribu kuizima, kidole kikateleza. Zikasikika zote tatu. Kila ilipofika kwenye "mpendwa," ile pumzi ilivutwa mbele yake, laini, ya mtu hai, kama nilivyoagiza.

"Si wewe huyo?" mama mdogo aliuliza. "Hata unavyovuta pumzi. Tangu mdogo unavuta hivyo."

Shangazi aliiondoa simu yangu juu ya mto.

"Na shikamoo hukuniamkia kwa sababu wakubwa wanasikiliza. Najua. Uliniambia zamani, kazini mimi ni mteja kama wengine." Alipumzika. Kuongea kulimuumiza, na ilionekana. "Ulikuwa na kazi nyingi, mwanangu. Nchi nzima inakutaka. Usitafute maneno, usimlete na huyu baba wa watu akasema uongo kwa ajili yako. Mimi nimekusamehe. Nimekusamehe kwa moyo mweupe, usije ukabeba hili."

Nilifungua mdomo. Shangazi aliinua mkono wake, bila kunitazama, nikanyamaza. Chozi lilidondoka kwenye ncha ya pua yake, akalifuta kwa aproni kabla halijagusa bandeji. Nilingoja aseme hapana. Nilingoja kwa roho yangu yote.

"Ahsante, mama," alisema.

Mama mdogo alishusha pumzi ndefu. Uso wake, ule uliobaki, ulilegea kama wa mtu aliyetua mzigo mlangoni, na haukupita muda akalala.

Nje ukumbini nilimwambia tusikate tamaa. Nilisema nitaileta barua ya kuachishwa kazi, nesi amsomee. Nitamleta binti wa kompyuta aieleze mashine. Tutamleta mwenye duka la kufulia. Tunazo bado siku mbili, labda tatu. Nilikuwa naongea kwa haraka kama ninavyoongea na wateja wakubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza getini.

"Amekwisha kusamehe," alisema. "Sasa nikamnyang'anye?"

Mama mdogo alifariki kesho yake asubuhi. Mazishini majirani waliteta kwa sauti ya kusikika, kwamba yule ndiye mtoto wa simu, aliyepigiwa mara tatu, na shingo yake ngumu hata kulia halii. Mmoja alimfuata akamuuliza kama ni kweli, na Shangazi akamjibu kwamba ni kweli, mama alimpigia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia yote, na suti yangu, na midomo yangu niliyoifumba. Kisha akaenda kuketi na wanawake wengine, na nafasi ya kando yake ikabaki wazi mpaka watu walipotawanyika.